Kazi Zinazoondoka na Magunia

Mwezi wa Novemba, katika kijiji cha Lupaso, Masasi mkoani Mtwara, hakuna asiye na kazi. Korosho zinadondoka, na iliyodondoka haisubiri mvua iikute chini. Alfajiri familia nzima iko shambani ikiokota, ikitenganisha korosho na mabibo, ikianika na kuchambua. Wenye bodaboda wanapandisha magunia hadi ghala la chama cha msingi. Mama ntilie kaongeza sufuria. Hata mdeni wa mwaka jana hajifichi tena.

Rudi Machi. Miti ni ileile na vijana ni walewale, ila sasa bodaboda tano zimepanga foleni kumsubiri abiria mmoja.

Sisi wanauchumi tuna kipimo kisichoiona tofauti hii vizuri. Kwa ufafanuzi wa Shirika la Kazi Duniani, aliyefanya kazi ya malipo au ya faida walau saa 1 katika wiki inayoulizwa anahesabiwa ana ajira. Kijana wa Lupaso aliyebeba matofali jioni moja amepita. Kwa hiyo, kuuliza vijana wangapi hawana kazi Masasi na Newala hakutufikishi mbali. Swali la maana ni kazi yao inadumu miezi mingapi, na miezi iliyobaki imekwenda wapi.

Mkorosho wenyewe haudai kazi ya mwaka mzima. Kuna palizi na kufyeka, kisha kati ya Juni na Agosti kupuliza salfa ili ugonjwa wa ubwiriunga usiunguze maua, halafu mavuno kuanzia Oktoba. Kati ya hapo ni vibarua vya siku moja moja. Tena mti ni wa mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe ni mzee. Kijana wa miaka 20 hupulizia mikorosho ya mjomba kwa ahadi, akijua kwamba hata akipanda yake leo, atasubiri miaka mitatu au zaidi kuona mavuno ya maana.

Ndiyo maana kusini kuna historia ndefu ya kuondoka. Babu walikwenda kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge. Wajukuu wakaenda Dar es Salaam kutembeza bidhaa mkononi, na ipo hoja kwamba hata neno machinga limetokana na Mchinga ya Lindi. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 kuvuka Rufiji, safari ile ikawa nyepesi. Barabara nzuri hupitisha watu pande zote mbili, lakini wengi hufuata upande wenye fedha.

Benjamin Mkapa alizaliwa hapa Lupaso mwaka 1938, na hapa ndipo alipozikwa Julai 2020. Katika urais wake ubinafsishaji ulishika kasi, na baadhi ya viwanda vya korosho vya umma vilivyopita mikononi mwa watu binafsi viliishia kuwa maghala. Wapo wanaoanzia hapo wanapoeleza kazi zilipotelea wapi. Mimi naona hadithi inaanza nyuma zaidi.

Viwanda vile vilijengwa kuanzia miaka ya 1970, vikubwa, kwa mikopo ya Benki ya Dunia na mitambo ya Kijapani na Kiitaliano. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000. Baadaye operesheni ya vijiji ikawahamisha watu mbali na miti yao, bei ikamkatisha mkulima tamaa, ubwiriunga ukaingia. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Viwanda vilikamilika korosho zikiwa zimekwisha. Na hata zile chache zilizoingia mashineni zilitoka nyingi zimevunjika, na sokoni punje nzima ndiyo yenye bei.

Leo korosho zipo. Msimu wa 2017/18 zilivuka tani 300,000. Lakini sehemu kubwa husafirishwa ghafi, kwenda India na Vietnam, na kubangua, kumenya, kupanga madaraja na kufungasha hufanyika huko. Hizo ndizo kazi ambazo zingeijaza Machi ya Lupaso, kwa sababu korosho ikikaushwa vizuri hukaa ghalani ikisubiri mikono.

Kwa nini haisubiri? Mavuno yetu huja Oktoba hadi Januari, wakati India na Vietnam huvuna kuanzia Februari. Viwanda vyao vikiwa vimepungukiwa, korosho ya Newala ndiyo mpya sokoni, na wananunua kwa hamu. Kwa mkulima, hiyo ni neema. Mbanguaji wa hapa, akikaa mnada mmoja nao, amebanwa.

Tupige hesabu ya mfano. Kiwanda kinataka tani 5,000 za mwaka mzima, na bei mnadani ni shilingi 3,000 kwa kilo. Zinatakiwa shilingi bilioni 15, zote ndani ya miezi mitatu ya minada. Benki ikidai riba ya asilimia 15 kwa mwaka, na mzigo ukipungua polepole kadiri unavyobanguliwa, riba peke yake inafika takriban shilingi 225 kwa kila kilo. Msafirishaji wa korosho ghafi anayezungusha fedha yake kwa miezi miwili analipa kama 75. Tofauti ni shilingi 150 kabla mashine haijawashwa, na mnadani mshindi humzidi mwenzake kwa shilingi chache tu.

Ushuru wa korosho ghafi zinazopelekwa nje uliwekwa ili kuziba pengo hilo. Kasoro yake ni kwamba mnunuzi anaweza kuurudisha kwa mkulima kwa kushusha bei, ilhali mbanguaji bado hana fedha ya kununua mzigo. Mwaka 2018, wanunuzi waliposusa na Serikali ikaamua kununua kwa shilingi 3,300, jeshi likisomba, kila mtu alijionea ugumu wa kushika zao zima mkononi.

Wabanguaji wadogo, wengi wao vikundi vya wanawake wanaojipaka majivu au mafuta mikononi ili mafuta ya maganda yasiwaunguze, wana shida hiyohiyo kwa kipimo chao. Wakinunua magunia kumi Desemba, kufikia Februari wamemaliza. Si kwamba wamechoka.

Sasa kongani ya viwanda vya korosho inajengwa Maranje, huko huko Mtwara. Tunaonyeshwa mabanda, barabara, umeme. Mimi ningependa kuonyeshwa mkopo wa msimu: nani atautoa, kwa riba gani, korosho iliyo ghalani ikiwa ndiyo dhamana. Stakabadhi ya ghala, tunayoitumia kuuzia tangu 2007, ingeweza kufanya na kazi hiyo.

Januari inapoisha, malori ya mwisho hushuka kutoka Newala kuelekea bandarini, na bodaboda zinaanza kupanga foleni.