Kanuni za Umeme na Sola: Ipi Ingali na Nguvu?

Mkulima mmoja alikuja ofisini kwetu akiwa na hasira. Alikuwa amelipa fedha nyingi kutiwa sola ya kusukuma maji, na betri zikafa mapema. Alipomwuliza fundi leseni yake, alijibiwa, "Mzee, zile kanuni zimekwisha muda. Siku hizi leseni haitakiwi." Akanyamaza, akarudi nyumbani. Wewe usinyamaze.

Kwanza ujue kwamba sheria si kanuni. Sheria hupitishwa na Bunge. Kanuni hutungwa na Waziri kwa uwezo aliopewa na sheria, nazo hueleza mambo madogo madogo: nani apewe leseni, alipe ada gani, kazi ifanywe vipi. Ni kama shamba na banda la ng'ombe. Banda likioza, shamba lingali lako.

Sheria ya Nishati ya 2006 iliondolewa na ile ya 2019, iliyoanza kazi tarehe 28 Machi mwaka huo. Tume ya zamani ikawa Mamlaka ya Nishati na Petroli, yaani EPRA. Hata hivyo kanuni za zamani hazikuanguka siku ile. Ziliachwa ziendelee mahali zisipopingana na sheria mpya. Ndiyo maana kanuni za sola za 2012, zilizowapanga mafundi katika madaraja ya T1, T2 na T3, zilitajwa bado baada ya 2019. Fundi wa T1 ni wa mitambo midogo tu. Pampu kubwa si kazi yake.

Lakini kanuni zina umri, na hapo ndipo wengi hudanganywa. Sheria ya 2013 juu ya kanuni zitungwazo na Serikali yasema kwamba kanuni hukoma baada ya miaka 10, ila ikiongezewa muda, mara moja tu, usiozidi miezi 12. Tena kanuni mpya isipopelekwa Bungeni katika siku 7 za vikao baada ya kutangazwa, hupoteza nguvu. Bunge laweza pia kuifuta. Kwa hiyo karatasi yenye mhuri wa Serikali haitoshi. Uliza ilitungwa mwaka gani, na kama imebadilishwa.

Basi yule fundi alikosea wapi? Hata kanuni ikikoma, Sheria ya 2019 yenyewe yataka mtu anayefanya kazi ya kutia umeme awe ameidhinishwa na EPRA. Hilo halitegemei umri wa kanuni.

Kabla ya kutoa shilingi hata moja, itazame leseni, usome jina, daraja na tarehe ya mwisho. Kisha uwaulize EPRA kama namba hiyo ni ya kweli, na umwambie fundi aiandike katika risiti. Akikataa, mwache aende na ngazi yake.