Mawasiliano ya magari: moja kwa moja au kupitia mnara?

Istilahi “mawasiliano ya magari” hurejelea upashanaji wa taarifa, bila waya, baina ya gari na gari, gari na taa za barabarani, au gari na mtandao wa simu. Teknolojia mbili hushindana katika uwanja huu, na tafsiri zake huzua utata.

Ya kwanza ni DSRC. Msingi wake ni kiwango cha 802.11p, cha ukoo mmoja na Wi-Fi, kilichoidhinishwa mwaka 2010. Gari hurusha ujumbe, na magari yaliyo umbali wa mita mia kadhaa huupokea bila kupitia mnara.

Ya pili ni C-V2X, ambayo viwango vyake vya awali vilikamilishwa na ubia wa 3GPP mwaka 2017. Kwa kuwa herufi C huashiria teknolojia ya simu za mkononi, baadhi ya wafasiri huandika “mawasiliano ya magari kupitia mtandao wa simu”. Tafsiri hiyo ina nusu ya ukweli. C-V2X ina njia mbili: moja hupitia mnara, nyingine hutoka gari hadi gari moja kwa moja.

Tofauti hii ina uzito. Gari likifunga breki ghafla mahali pasipo na mtandao, onyo linaweza kulifikia gari la nyuma kwa njia ya moja kwa moja, lakini si kwa njia ya mnara. Tafsiri isiyotaja njia humnyima msomaji taarifa inayohusu usalama wake. Inapendekezwa kuandika “mawasiliano ya magari yenye asili ya teknolojia ya simu”, kisha kubainisha njia.

Utata mwingine umo katika neno “masafa”, lenye maana ya umbali na pia ya kiwango cha mtetemo wa mawimbi. DSRC mara nyingi huitwa “mawasiliano ya masafa mafupi”, ilhali hutumia masafa ya gigahezi 5.9. Katika matini moja, “umbali” utumike kwa maana ya kwanza na “masafa” kwa ya pili.

Mfano: Mwaka 1999 Marekani ilitenga megahezi 75 za masafa haya kwa ajili ya magari, mwaka 2020 iliamua kuzipa huduma za Wi-Fi megahezi 45, na 30 zilizosalia zikaelekezwa kwa C-V2X.