Tunapohama, Tusiache Afya Nyuma

Familia nyingi huhama kutoka vijiji vya Muleba kwenda Bukoba. Wengine hufuata kazi, wengine masomo ya watoto. Wapo pia wanaotazama upande wa Itahwa, ambako Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichagua kuweka kampasi yake ya Kagera. Siku ya kuhama hatusahau godoro wala sufuria. Lakini sisi wauguzi twaona yale yanayosahaulika.

Mama mmoja alituletea mtoto wa miezi 20, ana homa kali, vipele na macho mekundu. Walikuwa wamehamia mjini mtoto akiwa na miezi 17. Kadi ya kliniki ilibaki kwa bibi kijijini, na chanjo ya pili ya surua, ambayo hutolewa kwenye miezi 18, ikapita. Mtoto alipona, lakini jicho lake moja limebaki na kovu.

Kwa hiyo tukumbuke haya:

1. Kadi za kliniki. Katika wiki ya kwanza, peleka kadi ya mtoto kwenye zahanati iliyo karibu. Ukichelewa usiogope kwenda. Chanjo huendelezwa pale zilipoishia. Mama mjamzito naye abebe kadi yake.

2. Dawa za kila siku. Mwenye kifua kikuu, virusi vya UKIMWI, shinikizo la damu au kisukari akiage kituo chake, aombe barua ya uhamisho na dawa za kutosha. Dawa za kifua kikuu zikikatizwa, ugonjwa huweza kuwa sugu.

3. Chandarua. Muleba ilipata mlipuko mkali wa malaria mwaka 2006. Hukohuko Muleba ulifanyika utafiti, uliochapishwa mwaka 2018, ulioonyesha kwamba vyandarua vyenye dawa ya kawaida pamoja na PBO vilizuia malaria zaidi kuliko vile vyenye dawa ya kawaida peke yake. PBO huivunja nguvu ya mbu aliyezoea dawa. Tundika chandarua usiku ule ule wa kwanza, hata kama kitanda bado hakijafungwa.

4. Maji. Maji ya mto Kanoni au ya ziwa yachemshwe kabla ya kunywa. Watoto wageni hufurahia kuoga ziwani, lakini kwenye maji tulivu yenye majani na konokono ndiko kichocho huambukizwa. Kinyesi au mkojo wenye damu si jambo la kuficha.

5. Chakula. Kijijini ndizi, maharage na mboga vilitoka kibanjani. Mjini kila kitu ni fedha, na mtoto huishia chai na andazi. Dagaa na maharage ni nafuu kuliko nyama, na hujenga mwili. Mchicha huota hata kwenye gunia la udongo mlangoni.

Baba na mama, siku ya safari wekeni kadi zote na dawa katika mfuko mmoja. Mfuko huo mbebe mkononi, msiupakie juu ya lori.