Banda la kuku: kinyesi kwanza, Jik baadaye



Ndugu msomaji, sisi wakazi wa Iringa na Mbeya tunajuana kwa baridi. Ifikapo Juni na Julai, kuku wa familia nyingi hawalali nje. Hulala jikoni penye joto la mafiga, na aliyenunua vifaranga huviweka chumbani kabisa na jiko la mkaa pembeni. Sababu zipo na zinaeleweka: mwizi yupo, kicheche yupo, na kifaranga wa siku moja anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 wakati nje alfajiri hushuka hata chini ya nyuzi 10. Kwa hiyo makala haya hayamwambii mtu aache kufuga. Kuku ndiye ada ya shule na ndiye kitoweo cha mgeni. Kinachohitaji kuangaliwa ni namna tunavyosafisha mahali anapolala, maana wengi hutoa fedha kununua dawa kisha huimwaga mahali ambapo haiwezi kufanya kazi.

Kwanza tujue tunapambana na nini. Kuku mzima, anayekula na kutaga vizuri, anaweza kubeba tumboni mwake bakteria aitwaye salmonela na mwingine aitwaye kampilobakta bila kuonyesha dalili yoyote. Hutoka na kinyesi, hushika kwenye manyoya, kwenye maganda ya mayai na kwenye vumbi la banda. Kampilobakta hufa upesi pakikauka. Salmonela ni mkaidi, anaweza kukaa miezi katika vumbi kavu akisubiri mkono wa mtu.

Hapa pana jambo linalowachanganya wengi. Mtu akisikia salmonela hufikiri ni homa ya matumbo, yaani taifodi. Taifodi inaletwa na salmonela wa aina yake anayeishi kwa binadamu tu, hivyo kuku hakupi taifodi. Salmonela wa kuku ni ndugu zake. Kwa mtu mzima mwenye nguvu huleta kuhara na homa ya siku chache, lakini kwa mtoto mchanga, mzee, mwenye utapiamlo au anayeishi na virusi vya Ukimwi, wanaweza kuingia katika damu na kuua. Wenzetu wa Marekani hufuga hata nyoka na kobe ndani ya nyumba, na bakteria hao hao wamewasumbua. Mwaka 1975 serikali yao ilipiga marufuku uuzaji wa kobe wadogo ambao gamba lao halijafika inchi 4, kwa sababu watoto walikuwa wakiwachezea, wakawatia mdomoni, wakaugua. Sisi hatufugi nyoka sebuleni, lakini kuku tunaye uvunguni.

Na mtoto wetu anatambaa. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa karibu watoto 57 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka 5 mkoani Iringa wamedumaa, wakati wastani wa nchi nzima ni 30. Huu ni mkoa wa mahindi, maharage na viazi! Sababu ni nyingi, na namna ya kumlisha mtoto ni mojawapo kubwa. Lakini wataalamu waliokaa majumbani huko Peru na Zimbabwe na kuwatazama watoto wachanga waliona kwa macho yao wakiokota kinyesi cha kuku na kukila. Tena tafiti kubwa zilizofanywa Kenya, Bangladesh na Zimbabwe, majibu yake yakatolewa mwaka 2018 na 2019, zilikuta kwamba vyoo, maji na kunawa mikono havikutosha kuongeza urefu wa watoto. Maelezo mojawapo yanayotolewa ni kwamba kinyesi cha mifugo kilibaki palepale uani. Jambo hilo halijathibitishwa moja kwa moja, ila mzazi hahitaji kungoja uthibitisho ili amzuie mtoto asile kinyesi.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kanuni ya kwanza ni kwamba dawa haiui kilichofunikwa. Klorini iliyomo ndani ya Jik ikikutana na kinyesi, maranda au udongo, hujimaliza hapo hapo kabla ya kumfikia kijidudu. Ukimwaga chupa nzima juu ya sakafu yenye kinyesi umenunua harufu. Basi anza na kavu. Toa kuku wote, watie kwenye tenga au uwafungie pengine. Toa vyombo. Nyunyizia maji kidogo juu ya maranda ili vumbi lisipande, jifunge kitambaa puani na mdomoni, kisha zoa yote kwa sepeto, iwe ni maranda ya mbao kutoka viwanda vya Mafinga au maganda ya mpunga kutoka Mbarali. Kwangua fito, kwangua pembe, ondoa utando wa buibui, ukienda kutoka juu kushuka chini. Ukikwangua vizuri utatumia maji nusu ya yule anayeanza na ndoo.

Baada ya hapo maji na sabuni ya unga, na brashi ngumu. Hapa ndipo sehemu kubwa ya vijidudu huondoka. Mwenye sabuni na nguvu za mkono bila Jik amefanya kazi kubwa zaidi kuliko mwenye Jik bila sabuni. Suuza, acha maji yachuruzike.

Ndipo dawa. Soma kibandiko cha chupa. Jik ya kawaida ina nguvu ya asilimia 3.5, kwa hiyo, kikombe kimoja cha robo lita katika maji lita 8 na nusu kinakupa mchanganyiko wa asilimia 0.1, unaotosha kwa mahali palipokwisha kuoshwa. Kama kuku wamekufa kwa ugonjwa, ongeza nguvu: kikombe kimoja cha Jik kwa vikombe 6 vya maji. Ndio ule wa asilimia 0.5 tunaoutumia hospitali. Tumia maji ya baridi, kwa sababu ya moto huiharibu klorini, na utengeneze siku hiyo hiyo. Pakaa au pulizia hadi palowe, na pabaki pamelowa dakika 10. Kwa baridi yetu ya Julai fanya 20. Ukipuliza na kufuta papo hapo umejisumbua. Kisha suuza kwa maji safi na uache milango wazi mpaka pakauke kabisa. Fanya kazi hii asubuhi ya saa tatu au nne, jua likusaidie, na kuku warudi jioni juu ya maranda mapya.

Tahadhari moja ni ya uhai. Ile harufu inayochoma macho bandani ni amonia. Jik ikichanganyika na amonia hutoa gesi yenye sumu inayoumiza mapafu. Hii ni sababu nyingine ya kuzoa kinyesi chote kwanza na kufungua madirisha. Vilevile usiichanganye kamwe na dawa ya kusafishia choo yenye asidi. Na ukilaza vifaranga chumbani na jiko la mkaa, watu wasilale humo: moshi usioonekana wa mkaa huua familia nzima bila harufu.

Wapo watakaouliza kuhusu twahara, na swali ni zuri. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, kinyesi cha kuku ni najisi. Nguo na mahali pa kuswalia pakipatwa hutwaharishwa kwa maji, baada ya kuondoa kinyesi chenyewe, rangi na harufu yake. Kupaka Jik hakutwaharishi, na jua peke yake halitwaharishi. Kwa upande wa pili, sakafu iliyomwagiwa maji ikawa twahara yaweza kuwa bado na salmonela kwenye nyufa. Ni mambo mawili tofauti, lakini suuzo la mwisho la maji safi linayahudumia yote mawili. Kinachosaidia zaidi ni kuwa na kandambili za bandani peke yake, zisizoingia ndani wala msikitini. Lile beseni la dawa mlangoni ambalo wengine huliweka sioni faida yake kubwa. Likishaingia matope saa ya kwanza, yaliyobaki ni maji machafu tu.

Jik ina mipaka. Mayai ya vimelea wa koksidia, wanaowaharisha damu vifaranga, hayafi kwa Jik. Hao dawa yao ni ukavu na maji yanayochemka. Utitiri hujificha mchana katika nyufa za mabanzi, kwa hiyo mimina maji ya moto kwenye nyufa, kisha ziba na upake chokaa. Mdondo nao unahitaji chanjo, tone moja la jicho kila baada ya miezi mitatu. Usafi peke yake haumwokoi kuku. Faida nyingine: chakula kisipomwagika, panya hupungua, na panya na mayai yaliyosahauliwa ndivyo vinavyomwita nyoka bandani.

Kwa kuku wanaolala jikoni na hakuna uwezo wa banda leo, weka fito za kulalia kona moja, tandika kiroba kilichopasuliwa chini yake, na kila alfajiri kikunje na kinyesi chake kabla mtoto hajaamka. Osha vyombo vya maji ya kuku nje, si kwenye karo la sahani. Nawa kwa sabuni baada ya kuokota mayai. Mbolea usiipeleke mbichi kwenye mchicha au chainizi. Ilundike, ilowanishe kidogo, ifunike, iive miezi mitatu.

Na mtoto akihara, mpe maji ya chumvichumvi ya ORS mapema na vidonge vya zinki siku 10 hadi 14. Ukiona damu katika choo, homa kali, macho yamebonyea au hanyonyi, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, na umwambie tabibu, hata asipouliza, kwamba nyumbani mna kuku na wanalala wapi.