NENO "DEPLORE": MAANA YAKE NA MATUMIZI YAKE

Katika lugha ya Kiingereza yapo maneno mengi ya kuonyesha kuchukizwa na jambo. Sisi wanafunzi twapenda kuchukua lile lililo zito masikioni, bila kuupima uzito wake katika maana. Leo nataka kueleza neno moja tu, nalo ni "deplore", kwa sababu muhula uliopita lilinitia aibu, tena aibu ile niliistahili.

Kisa chenyewe ni hiki. Kwa siku nne mfululizo maharage yaliletwa bwaloni yakiwa hayajaiva. Tukakubaliana kumwandikia Mwalimu Mkuu barua kwa Kiingereza, nami nikapewa kalamu. Katika mstari wa kwanza niliandika: "We deplore the cook." Wenzangu wakapiga makofi. Jioni ile ile mpishi wetu, mzee wa umri wa babu zetu, akaniita nyuma ya jiko akaniuliza, "Mjukuu wangu, nimeambiwa kuwa mmeandika barua ya kunilaani. Nimewakosea nini hata mnilaani?" Sikuwa na jibu, maana neno lile nilikuwa nimelisikia redioni tu, wala sikuwahi kulitafuta katika kamusi. Nikamwomba anipe muda mpaka kesho, nikaenda maktaba.

Kwanza nilitazama asili yake. Neno hili limetoka katika Kilatini, "deplorare", na ndani yake limo neno "plorare", maana yake kulia kwa sauti. Waingereza walianza kulitumia katika karne ya 16, na hapo kwanza lilikuwa neno la maombolezo: mtu alililia jambo kama anavyolilia msiba. Baadaye likaongezewa lawama. Kwa hiyo neno hili lina nusu mbili, yaani huzuni na lawama. Anayelitumia asema, "Jambo hili ni baya sana, tena laniumiza moyo."

Pili nilitazama sarufi, na hapo ndipo nilipoona kosa langu. Katika Kiingereza cha siku hizi, kinachofuata baada ya "deplore" ni tendo, hali au tabia, si mtu. Yafaa kusema "We deplore his conduct", yaani twachukizwa na mwenendo wake. Haifai kusema "We deplore him". Yafaa pia kuandika "We deplore the fact that" kisha ukataja jambo lililotokea. Tena neno hili ni la mkutanoni, la magazetini na la barua rasmi. Mtu aliyepotelewa na penseli hawezi kulitumia ila kwa mzaha. Kutokana nalo twapata "deplorable", kwa kueleza hali mbaya ya kusikitisha, kama ile ya barabara iliyoharibika au ya jela iliyojaa kupita kiasi.

Tatu, yafaa kulipima pamoja na majirani zake. "Regret" ni jepesi zaidi: ni kusikitika, na mtu aweza kusikitikia hata kosa lake mwenyewe. "Disapprove" ni kutokubali, na likitajiwa jambo lisilokubaliwa kwa kawaida hufuatwa na "of". "Deprecate" nalo latoka katika Kilatini, katika neno la kuomba jambo liepushwe, na maana yake ni kulipinga jambo. "Condemn" ndilo zito kuliko yote haya, kwa kuwa ni neno la hukumu. Ndilo litumiwalo kwa mtu aliyehukumiwa kufa, na kwa nyumba iliyoamriwa ibomolewe kwa kuwa ni ya hatari.

Labda msomaji atauliza kama tofauti hizi zina faida yo yote. Natoa mfano wa kweli. Tarehe 21 Machi 1960, katika mji wa Sharpeville, Afrika ya Kusini, polisi waliwapiga risasi watu waliokusanyika kupinga sheria za pasi. Kwa hesabu iliyotolewa wakati ule waliuawa watu 69. Tarehe 1 Aprili mwaka ule ule Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 134. Nchi tisa zilikubali, Uingereza na Ufaransa hazikupiga kura, hapana iliyokataa. Katika azimio hilo neno "deplores" limetumiwa mara mbili. Mara ya kwanza ni juu ya kupotea kwa roho za Waafrika wengi, na hapo twasikia kilio. Mara ya pili ni juu ya siasa na matendo ya Serikali iliyosababisha mambo yale, na hapo twasikia lawama. Nusu zote mbili za neno zimo katika karatasi moja.

Lakini Serikali ile haikubadili mwendo wake. Tarehe 7 Agosti 1963, katika azimio namba 181, Baraza likaandika "strongly deprecates", na likazitaka nchi zote ziache kuiuzia silaha. Tarehe 4 Desemba 1963, katika azimio namba 182, kwa kuwa maombi yake hayakufuatwa, likafikia "condemns". Hivyo maneno yalipanda ngazi kadiri ukaidi ulivyoendelea. Hata hivyo neno peke yake halikutosha. Katazo la silaha lililozifunga nchi zote kisheria lilikuja mwaka 1977, na uchaguzi wa watu wa rangi zote ulifanyika Aprili 1994. Twajifunza mambo mawili: kwamba wakubwa wa dunia huchagua maneno yao kwa mizani, na kwamba neno zito lisilofuatwa na tendo huwaacha wenye taabu palepale walipokuwa.

Sasa turudi kwetu. Je, "deplore" tulitafsiri namna gani kwa Kiswahili? Wengi husema "kulaani". Mimi naona si sawa. Laana kwetu si lawama tu. Ni kumwombea mtu mabaya kwa Mungu, na kila mmoja wetu ajua jinsi laana ya mzazi inavyoogopwa. Ndiyo maana mzee wetu alifadhaika. Wengine husema "kusikitika", lakini hilo lachukua kilio na kuacha lawama. Nadhani yafaa kutumia maneno mawili pamoja: "twasikitishwa na jambo hili na twalilaumu". Ni marefu kidogo, lakini hayampunji msomaji wala hayamwonei anayetajwa.

Kesho yake nilirudi jikoni kama nilivyoahidi. Nilimweleza mzee kwamba neno lile si laana, na kwamba hata hivyo nilikosea kulielekeza kwake. Kwa kuwa kamusi ilikuwa imenifundisha kutaja jambo badala ya mtu, nikamwuliza jambo lenyewe ni lipi. Akanionyesha kuni. Zilikuwa zimeletwa zikiwa mbichi, na mvua imezinyeshea. Moto ulikuwa moshi mtupu tangu alfajiri. Sisi tulikuwa tumekula maharage mabichi siku nne, wala hapana hata mmoja wetu aliyekuwa amekwenda kutazama.

Nilimwomba Mwalimu Mkuu ruhusa ya kuibadili barua. Mwalimu wetu wa Kiingereza alipoona nimeandika tena "deplore", safari hii juu ya kuni, alicheka akalikata kwa wino mwekundu. Alisema kwamba neno lililotumiwa kwa waliokufa Sharpeville halifai kutumiwa kwa kuni. Basi tukaandika kwa maneno mepesi kwamba maharage hayaivi kwa sababu kuni ni mbichi, na tukaomba zipatikane kavu. Nikaenda na mwenzangu mmoja kumwomba mzee radhi. Alisema, "Nimewasamehe. Sasa nisaidieni kuzianika hizi." Tukazianika.

Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nami naongeza kwamba kalamu nayo hujikwaa. Nawaomba wenzangu, kabla ya kuandika neno la kumlaumu mtu, tufungue kamusi kwanza, kisha twende tukamsikilize na yeye mwenyewe.