Uvira: Sufuri mbili zinazoweza kumtoza mteja mara mia

Kati ya soko la Uvira na mpaka wa Kavimvira, mama anayeuza ndagala anaweza kushika pesa za aina tatu kabla ya saa sita: franka za Congo, franka za Burundi na dola. Wakambisti wamezoea hesabu hiyo. Programu za malipo kwa simu, hapana.

Benki na kampuni za malipo hufuata orodha ya kimataifa iitwayo ISO 4217. Inaipa kila pesa alama ya herufi tatu na kuonyesha tarakimu ngapi zinakaa nyuma ya mkato. Dola (USD) ina mbili. Franka ya Congo (CDF) vilevile mbili. Franka ya Burundi (BIF) haina hata moja, kama ile ya Rwanda.

Sasa, mifumo mingi ya malipo haitaki mkato. Inataka namba nzima, iliyohesabiwa kwa kipande kidogo kabisa cha pesa. Franka 5 000 za Congo zinaandikwa 500000. Franka 5 000 za Burundi zinabaki 5000. Fundi aliyezoea dola akizidisha kila kitu kwa 100, mteja wa Gatumba atadaiwa franka 500 000. Na akifanya majaribio kwa dola peke yake, kosa hilo hataliona.

Cha kuchekesha, nani bado anashika sentime ya Congo? Franka ilipoanza mwaka 1998, kulikuwa na noti hata ya sentime 1. Kupanda kwa bei kulizimeza zote, lakini orodha haijazisahau. Senti za dola nazo zinaishi ndani ya simu tu: ukilipa dola 2,35 kwa mkono, chenji inarudi kwa franka, na hapo ndipo ugomvi wa bei ya kubadilisha unaanza.

Kuna mtego mwingine. Kwetu, tuliosoma Kifaransa, 1,500 ni moja na nusu. Kwa programu iliyotengenezwa Nairobi, ni elfu moja na mia tano.

Fundi asikariri 100. Asome idadi ya tarakimu kwa kila pesa, na asome pia maelezo ya kila kampuni ya simu, maana nyingine hupokea franka nzima bila kuzidisha. Kisha ajaribu kwa kiasi kidogo, pesa moja baada ya nyingine. Mteja naye asome kiasi na jina la pesa kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri.