Pete Mbili za Uongo

Mtiki ule tuliuangusha nyuma ya nyumba yetu Koboko Januari 2022, haukuwa na jani hata moja. Baba aliupanda 1986, mwaka tuliorudi kutoka ukimbizini Sudan. Hilo halina ubishi, maana shimo alinichimbisha mimi. Nilikilainisha kisiki kwa randa, nikapitisha msasa, nikahesabu pete kwa ncha ya msumari. Pete moja kwa kila mwaka, zilipaswa kuwa 36. Zikawa 38. Nikarudia, 38 tena.

Mimi ni seremala, nina karakana Arua. Hesabu za mbao hazinishindi, ila hii ilinikosesha raha mpaka alipopita mwanafunzi mmoja wa misitu akitafuta vipande vya magogo.

"Mzee, hizo mbili ni pete za uongo," akasema.

"Mwanangu, mti nao unadanganya?"

Akaketi, akanieleza. Huku kwetu Nile Magharibi, Desemba hadi Februari ni vumbi tupu. Mtiki unapukutisha majani na kulala. Mvua zikirudi, unaanza kukua kwa vitundu vikubwa ambavyo macho yanaviona bila lenzi, na mstari wa vitundu hivyo ndio mwanzo wa pete mpya. Kule Kampala, mvua hushuka misimu miwili kwa mwaka, na pete za miti mingi huvurugika. Lakini hata kwetu mvua inaweza kukatika Juni. Mti unadhani kiangazi kimeingia, unafunga hesabu, kisha mvua inarudi nao unafungua upya. Mwaka mmoja, pete mbili.

Dawa yake ni kulinganisha mti na mti. A. E. Douglass, mwanafalaki wa Marekani, alianza kazi hiyo Arizona mwaka 1904 akichunguza kama madoa ya jua yanaathiri mvua. Aliona kwamba mwaka wa ukame huacha pete nyembamba katika miti ya eneo zima. Ukizioanisha pete nyembamba za miti mingi, iliyozidi inajitokeza. Huko Java, mtafiti aitwaye Berlage aliisoma mitiki kwa njia hiyo akarudi nyuma hadi 1514.

Ila yule mwanafunzi hakuja kwa ajili ya mvua. Moyo wake ulikuwa wilayani Bududa. Tarehe 1 Machi 2010 mteremko wa Mlima Elgon ulikifunika kijiji cha Nametsi, na mamia ya watu walikufa au hawakuonekana tena. Oktoba 2018 wilaya hiyohiyo ikapigwa tena. Swali lake: kabla ya hapo, mteremko ule uliporomoka lini na lini?

Udongo ukisogea, si kila mti unaoanguka. Mwingine unainama tu, kisha unahangaika miaka mingi kujiinua. Miti ya majani mapana hunenepesha mbao upande wa juu wa mwinamo, kama mtu anayejivuta kwa kamba. Misonobari hunenepesha upande wa chini na kujisukuma. Ukiukata mti wa namna hiyo, kiini hakiko katikati. Mbao hiyo naijua vizuri na nimeilaani sana: inabana msumeno, inatoa manyoya, ikikauka inapinda. Sisi tulikuwa tunaitia jikoni. Kumbe ukihesabu kutoka kwenye ganda hadi pale pete zilipoanza kwenda upande, unaupata mwaka ambao ardhi ilisogea. Katika milima ya Alps huko Ulaya, watafiti husoma hivyohivyo maporomoko ya theluji, kwa makovu yaliyofunikwa na mbao mpya. Theluji yetu ya Rwenzori haina karani wa namna hiyo, iko juu mno kwa miti. Ramani na picha za setilaiti ndizo zilizoonyesha kwamba barafu yake ilipungua kutoka kilomita za mraba 6.5 hivi mwaka 1906 hadi chini ya 1 mwaka 2003.

Taabu ya Elgon ni kwamba sehemu kubwa ya miteremko ni kahawa na migomba. Miti mizee ilishakuwa kuni na nguzo, na wanunuzi wa mbao tunahusika. Novemba 2024, redio ilipotangaza maporomoko ya Bulambuli, Elgon hiyohiyo, nilikuwa nimeshika kipande kilichopinda. Sikukitia motoni.

Kipande cha kile kisiki ninacho karakanani. Pete ya kweli huanza ghafla kwa vitundu vyake vikubwa. Ya uongo hufifia pande zote mbili. Moja nimeipata, ya 11 kutoka kwenye kiini. Ya pili bado naitafuta.